Dokta Mizizi Aoshwa Kichwa

Saluni ilikuwa mpya, rangi ya mlango haijakauka sawasawa, na tayari wateja walikuwa wamebanana kwenye benchi la nje. Dokta Mizizi alisimama ng'ambo ya barabara akivitazama vichwa vyao. Karibu vyote vilikuwa na dredi: ndefu, fupi, nyembamba, na nyingine changa zilizosimama wima kama zimepewa habari mbaya. Akameza mate. Mimi na wewe tungeona watu wanaosubiri kusokotwa. Yeye aliona mifuko iliyoota miguu.

Udaktari wake, tuseme mapema tusije tukagombana, alijipa mwenyewe asubuhi moja akinyoa ndevu. Hospitali aliijua kwa kulazwa tu. Alichokuwa nacho ni mdomo, na juu ya mdomo huo dredi zilizomfika kiunoni, nene, nyeusi, za kumfanya mpita njia ageuke na kujikwaa. Dredi hizo ndizo zilizokuwa duka lake. Nani angenunua mafuta ya nywele kwa mtu asiye na nywele? Bila hizo angekuwa mwanaume mzima anayeishi kwa shangazi yake na kula vya bure. Ndivyo alivyokuwa hata hivyo, ila dredi zilisaidia watu wasione.

Begini mlikuwa na makopo ya Mafuta ya Mizizi. Siri ya mafuta hayo ilikuwa mafuta ya kupikia ya shangazi, mafuta mgando, mishumaa iliyoyeyushwa, na sabuni ya maji ya kufulia kidogo ili yanukie. Alikuwa na namna yake ya kuyauza. Alikuwa akitoa kioo cha kukuzia, anachungulia kichwa cha mteja, ananyamaza, anashusha pumzi, kisha anaweka mkono kifuani.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Kuna nini, dokta?"

"Wadudu. Wameshafika kwenye mizizi."

Wadudu gani! Ulikuwa mba, mba huu huu wa kila mtu. Lakini mteja akishasikia wadudu, hata kisigino humwasha. Kisha, ili kumaliza ubishi, Dokta alichota mafuta yake na kujipaka kichwani hadharani.

Hapo ndipo alipojiroga. Alijipaka kila siku ya kazi, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba dredi haioshwi, ikioshwa itafumuka. Hilo hakulitunga yeye. Alilisikia mahali na akalimeza zima zima. Kwa hiyo mteja mwaminifu kuliko wote wa tapeli huyu alikuwa tapeli mwenyewe. Nta ilimganda kwenye shina la nywele, vumbi likajibandika juu ya nta, na ngozi ya kichwa ikamwasha mpaka akajikuna kwa kalamu, kwa kijiti, kwa ufunguo wa mlango. Mto wake wa kulalia uliwekwa kando kwenye kamba ya kuanikia, mbali na nguo za wastaarabu.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "kichwa hicho kinanuka kama jiko la jana."

"Ni dawa, shangazi."

"Basi heri ugonjwa."

Basi akavuka barabara, akaingia saluni na salamu kubwa kama aliyealikwa. Mwenye saluni, ambaye wateja walimwita Mama Kitana, alikuwa mama mnene wa sauti ndogo, vibanio vimejipanga kifuani pake kama nishani za jenerali. Dokta akamsomea somo lake lote. Akamkagua binti aliyekuwa kwenye kiti, akashusha pumzi, mkono kifuani, pole sana dada yangu. Binti akaanza kujikuna. Mama Kitana akatazama yote hayo kimya, macho yakiwa hayapo kwenye kopo. Yalikuwa kwenye dredi.

"Zote ni zako, baba? Hukuunganisha?"

"Zangu mwenyewe, tangu utotoni."

Mama akanyanyua moja, akaipima uzito kiganjani, akainyoosha sambamba na mkono wake kutoka bega hadi vidole. Dokta akavimba kwa sifa. Alidhani anapendwa.

"Nitayachukua makopo yako yote," Mama akasema, "na mjini hapa utaniuzia mimi peke yangu. Lakini wateja wangu lazima waone kichwa cha mfano. Kaa nikuoshe."

"Kuosha? Mama, dredi haioshwi! Itafumuka!"

Saluni nzima ikacheka. Binti wa kwenye kiti alicheka mpaka akasahau kujikuna.

"Inayofumuka kwa maji ni changa, baba. Hizi zako hata ukizifunga gari bovu zinavuta. Kaa."

Akakaa. Makopo yote, yeye peke yake, mjini kote! Kwa biashara hiyo angekubali kuoshwa na zimamoto.

Mama akamlaza kwenye beseni, akamwagia maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi, akamsugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, polepole, mstari kwa mstari, kwenye ngozi kwanza, nywele baadaye. Akasuuza. Maji yakatoka na rangi ya mtaro. Akarudia, akasuuza tena, akakamua dredi moja moja hadi maji yakatoka safi. Dokta Mizizi alifumba macho. Kichwa hakikumwasha. Alikuwa amesahau kwamba binadamu anaweza kukaa bila kuwashwa, na, kwa aibu yake mwenyewe, machozi yalimtoka. Akasingizia sabuni.

"Niazime hicho kioo chako," akasikia.

Mama Kitana akachungulia. Akanyamaza. Akashusha pumzi. Akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, baba yangu."

Sasa hebu fikiria. Pumzi ile ni yake, mkono ule ni wake, hata kioo ni chake! Mtoto wa chekechea angeng'amua. Lakini kichwa kilichokuwa chini ya kioo safari hii kilikuwa cha Dokta mwenyewe.

"Wa... wadudu?"

"Sikutaka kulitaja neno hilo mbele za watu."

"Wamefika kwenye mizizi?"

"Wameshajenga, baba. Zikikatwa leo, zitaota upya. Ukichelewa, utaaga mpaka nyusi."

Dokta akajishika nyusi kwa mikono yote miwili. Akazifikiria dredi zake, duka lake, jina lake, maisha yake yote yanayoning'inia mgongoni. Akalia waziwazi, safari hii bila kusingizia chochote. "Kata," akasema. "Kata, mama, kabla sijabadili nia."

Mama akakata moja moja kwa mkasi, kwa adabu kubwa, akafunga kila shina kwa uzi na kuzilaza zote kwenye taulo safi. "Hizi nazichoma mwenyewe," akasema, "zisije zikaambukiza." Dokta akamshukuru. Akamsihi apokee makopo yote yawe malipo ya matibabu.

"Hapana, baba, siwezi kuyapokea," Mama akamjibu kwa upole. "Yatupe mbali, na ukirudi nyumbani unawe."

Shangazi alimpokea mlangoni, akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akakipapasa.

"Wadudu wako wapi?"

"Walikuwepo, shangazi."

"Ulikuwa uchafu, mwanangu. Angalia, umeoshwa na umepona."

Hakulala vizuri. Kulipokucha, kipara kikimetameta, alirudi saluni akiwa amejaa maneno makali ya kumwambia yule mama. Yakamwishia mlangoni. Kwenye kiti alikaa bwana mmoja wa suti, mwajiriwa wa ofisi kwa kiatu na kwa kitambi, na kichwani mwake, zimeunganishwa kwa ustadi hata shina halionekani, zilikuwa dredi zake. Alizijua. Hata ile ya nyuma ya sikio ambayo siku zote hukataa kulala, ilikuwa imekataa kulala huko pia.

"Karibu, dokta," Mama Kitana akasema bila kugeuka. "Zimeanza kuota?"

Dokta akasogea kwenye kiti. Alimtazama bwana wa suti.

"Nywele nzuri," akasema.

"Zangu mwenyewe," bwana akajibu, akijitazama kwenye kioo. "Tangu utotoni."

Angeweza kumuumbua. Badala yake, na hata yeye alijishangaa, uchungu ulimtoka kwa njia nyingine. "Zioshe, ndugu yangu. Usipake nta. Suuza mpaka maji yatoke safi, zikauke kabisa kabla hujalala, na usikubali mtu akuvute sana kwenye shina, zitanyonyoka."

Bwana akakitazama kipara chake, kutoka utosini hadi kisogoni.

"Mzee, ungekuwa unayajua hayo, si ungekuwa na nywele?"

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Dokta Mizizi alingoja kitulie.

"Naomba niishike moja," akasema. "Moja tu."

Bwana akasita, akazikusanya dredi zake kifuani.

"Umenawa mikono?"

Dokta akaitazama mikono yake, akaenda kwenye sinki, akafungua maji.