Mfagiaji wa Barafu

Jumatatu, 9 Januari

Baridi: nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Pua: siisikii tangu asubuhi.

Leo tunatimiza miezi mitatu hapa Winnipeg, Kanada. Na mimi, Crisanto Palmares, niliyekuwa naibu mkuu wa shule ya sekondari kule Iloilo, bado sina kazi. Mke wangu Minda anahudumu kwenye makao ya wazee siku sita kwa wiki. Binti yetu Jonalyn, miaka kumi na mitatu, ameshaanza kuongea kwa pua kama wenyeji. Hata mama mkwe ana shughuli: anaifukuza theluji mlangoni kwa ufagio wa chelewa aliousafirisha kutoka Ufilipino ndani ya sanduku la nguo.

Shemeji Eliseo, kaka yake Minda, aliyetutangulia huku miaka tisa, alipita kunikumbusha ile nafasi ya kupakia kuku kiwandani kwao. Ataniombea kwa msimamizi. Msimamizi ni yeye mwenyewe! Nikakataa kwa heshima. Heri nigande.

Lakini Mungu si Athumani. Alasiri nilikuwa nazoa theluji kwa beleshi, jirani yetu mzee Orest akaniuliza kama najua kufagia. Klabu yao imepungukiwa mfagiaji. Aliyekuwepo amevunjika nyonga. Mimi? Kufagia? Nimesimamia usafi wa wanafunzi mia tisa! Nikamwambia mfagiaji kama mimi hajapata kuonekana mji huu. Akanipa mkono. Kesho saa moja jioni.

Nilitangaza mezani. Minda akaweka kijiko chini, machozi yakamlengalenga. Mama mkwe alikuwa ameshapiga simu Iloilo kabla sijamaliza sentensi. Nikasikia anasema "meneja wa usafi". Sikumsahihisha. Simu ya mbali haikatizwi.

Jumanne, 10 Januari

Nilifika mapema. Nimebeba ndoo, glavu, vyeti vyangu kwenye bahasha, na ufagio wa chelewa wa mama mkwe. Nikafagia ukumbi wa kuingilia, ngazi, na chini ya benchi tatu kabla Orest hajatokea. Alipendezwa sana. Kisha akanipeleka ndani.

Barafu! Jumba refu kama ghala, na sakafu nzima ni barafu. Mtu anapiga goti, anasukuma jiwe zito la mviringo lenye mpini. Wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakilisugulia njia kwa mafagio ili lifike kwenye duara zilizochorwa kule mwisho. Watu wazima hao. Wenye wajukuu.

Nikamuuliza Orest kama mshahara hutoka kwa wiki au kwa mwezi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Jirani, utatufaa sana. Hata mcheshi tulikuwa hatuna!"

Ni mchezo. MCHEZO!

Nilifagia. Ningefanyaje, na watu wamenitolea macho? Chelewa moja ikachomoka, jiwe likaikanyaga, likakata kona kama mlevi atokaye harusini. Wakaninyang'anya ufagio, wakanipa wa kwao. Nilianguka mara nne, moja kwa hiari yangu.

Njiani niliapa kumweleza Minda ukweli wote. Nikafungua mlango. Minda alikuwa amenipikia adobo, ile nyama ya siki ya kwetu, siku ya Jumanne, kama vile ni sikukuu. Mama mkwe alikuwa ananipigia pasi shati la kesho. Nikasema kazi ni nzuri, ila sakafu inateleza kidogo.

Alhamisi, 12 Januari

Tatizo la kazi: watu hutegemea uiendee. Nimewaambia nyumbani nina zamu ya mchana na zamu ya jioni. Mchana nakaa maktaba. Joto la kutosha, viti laini, hakuna anayekuuliza swali.

Mpaka leo saa nane. Nimezama kwenye kitabu cha watoto kuhusu dubu (dubu kalala miezi mitano na hakuna shemeji anayemsema!), mara kivuli kikanisimamia. Jonalyn. Na darasa zima nyuma yake. Akanitazama, akamtazama dubu, akaniuliza kwa sauti tamu kama hapa ndipo ninapofagia.

Masharti yake: nimwoshee vyombo mwezi mzima, na nimtetee kwa mama yake apake nywele rangi ya zambarau. Nikamwambia haya ni mambo ya kihuni, kumbana mzazi wake namna hii. Akanijibu kwamba hayo ameyajifunza kwangu, si tunakaa nyumba moja.

Nimeosha sufuria mbili na sahani tisa. Nywele bado zinajadiliwa.

Jumapili, 15 Januari

Chakula cha mchana kwetu. Eliseo alikuja na maswali kama hakimu. Bosi wangu nani? Nikasema Orest. Je, kazi inanilipia matibabu ya meno? Nikasema meno na macho. Akauliza, na miguu? Nikasema hata miguu. Akatafuna polepole, akasema miaka tisa hapa hajasikia kazi inayotibu miguu. Nikamwambia labda hakuulizia sehemu nzuri. Bao!

Furaha yangu haikufika kwenye matunda. Minda alisimama, akasema ana habari. Kule Iloilo alikuwa muuguzi miaka kumi na moja. Hapa anabadilisha mashuka. Basi kumbe amemwandikia mkubwa wake kwamba kuanzia Februari hatafanya tena zamu za mwisho wa wiki. Atasoma kozi ya kurudishiwa leseni yake.

"Sasa na wewe una kazi," akaniambia mbele ya wote, "naweza kupumua."

Mama mkwe akapiga makofi. Jonalyn akanitazama bila kupepesa jicho. Mimi nilipaliwa na wali.

Jumatano, 18 Januari

Nimetafuta kazi ya kweli siku tatu mfululizo. Duka la samani: wanataka uzoefu wa Kanada. Duka la rangi: uzoefu wa Kanada. Shule ya msingi, kuvusha watoto barabara: uzoefu wa Kanada! Nikamuuliza yule mama nitaupata wapi uzoefu wa Kanada, Zambia? Akasema nijaze fomu.

Kwenye barafu, lakini, mambo yanaenda. Sianguki tena. Leo Orest alipiga kelele "Fagia! Fagia!" nami nikafagia mpaka mabega yakawaka moto, na jiwe likaenda, likaenda, likajilaza katikati ya duara kama paka kwenye mto. Wote wakanipigapiga mgongoni. Mzee mmoja akaniita "Cris wetu". Nilirudi nyumbani ninaimba.

Jumamosi tuna fainali na klabu ya upande wa pili wa mto. Nyumbani nimesema ni usafi mkuu wa mwaka.

Jumamosi, 21 Januari

Ee mama yangu!

Raundi ya mwisho, tuko sare. Nainua macho nimwone Orest, nawaona wao. Minda, mama mkwe, Eliseo na Jonalyn wako nyuma ya kioo. Mama mkwe amebeba trei mbili: tambi za pansit na lumpia, sambusa za kwetu, za kumshukuru bosi wangu! Wakapita mlangoni mpaka ukingo wa barafu, hakuna aliyewazuia. Nani amzuie bibi mwenye lumpia za moto?

Mama mkwe alimkabidhi Orest trei na kumshukuru kwa kumwamini mkwewe. Halafu akauliza kwa nini tunafagia mbele ya jiwe badala ya kulingoja lipite. Minda naye akauliza kwa adabu lini nitathibitishwa kazini.

"Kazi gani, mama?" Orest akasema. "Sisi hapa tunacheza tu."

Kisha kicheko cha Eliseo, kile cha kukohoa.

Na jiwe letu la mwisho lilikuwa limeshaachiwa! Watu wanapiga kelele "Fagia, Cris!" Nikafagia. Huku nafagia, nikamgeukia Minda nimweleze. Nikasema, "Mke wangu, nisikilize..." Mguu ukagusa jiwe. Sheria ni kwamba jiwe lililoguswa linatolewa. Tumeshindwa.

Orest alinishika bega, akasema michezo ndivyo ilivyo. Minda alitangulia, hakugeuka nyuma njia nzima. Ningependa zaidi anitukane. Hata mama mkwe hakusema, na huyo huongea akiwa amelala.

Jumapili, 22 Januari

Asubuhi nilimkuta Minda jikoni na ile barua ya kozi mbele yake. Nikaanza maelezo yangu. Nilikuwa nayo saba. Akanikatiza, akaniita kwa jina langu la nyumbani.

"Mimi sikulia kwa ajili ya kazi, Santing. Nililia kwa sababu tangu tufike huku, ilikuwa mara ya kwanza kukuona umenyoosha mgongo. Ungeniambia ni mchezo, ningekuja kukushangilia."

Yale maelezo saba nikayaweka kando.

Akasema kozi haiachi. Ni juu yangu sasa. Basi nikavaa koti, nikatembea mitaa sita kwenye upepo hadi kwa Eliseo, nikaomba ile nafasi ya kuku. Niliomba mara mbili maana mara ya kwanza alijifanya hasikii. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba ilijazwa Ijumaa. Akanipa kuku mzima wa kwenda naye. Amegandishwa. Hata kuku alikuwa na kazi pale!

Nikarudi, nikakuta nyumba inacheka. Klabu ilikuwa imempigia simu mama mkwe. Waliila pansit yote jana, washindi na washindwa, na mpishi wao wa kantini anahamia kwa mwanawe. Wanamtaka aanze kesho, siku nne kwa wiki. Ana miaka sitini na saba. Hawakumuuliza uzoefu wa Kanada.

Minda alicheka mpaka akaegemea bega langu. Bega la kulia. Nilisimama bila kutikisika.

Nimemwapia, mkono juu ya meza: uongo basi. Hata ule mdogo. Hata wa heshima.

Jumatatu, 23 Januari

Mwanzo mpya. Nimeamka mtu mwingine. Minda aliniuliza kama nywele zake zimekaa vizuri, nikamwambia hapana. Nimekula kifungua kinywa peke yangu.

Saa sita mama mkwe alipiga simu kutoka kantini. Siku yake ya kwanza na tayari anamjua kila mtu. Uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni ulio jirani unatafuta dereva wa gari kubwa la kulainisha barafu. Kazi ya kweli, yenye mshahara. Ameuliza mara tatu kuhakikisha. Mkuu wa uwanja yuko hapohapo anakula lumpia. Akampa simu.

Sauti nzito ikaniuliza kama nimewahi kuendesha gari la namna hiyo.

Nilimfikiria Minda. Nikafikiria kiapo. Nikavuta pumzi ndefu.

Nikamwambia nimeliendesha miaka kumi na miwili, kule Iloilo.

Akauliza kama Iloilo kuna barafu nyingi. Nikasema inategemea msimu.

Naanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ni gari la mwendo wa kobe, na barafuni hakuna kona wala mlima. Litanishindaje?