Kidude Chenye Jicho la Buluu

Mjini walimwita Hariri, kwa kuwa maneno yake yaliteleza bila mshono. Asubuhi hiyo alikuwa na shida moja tu duniani: hakuwa na suti. Meneja wa hoteli kubwa alikubali kumwona baada ya chakula cha mchana, akitaka muziki utoke kwenye kompyuta ya ofisini uingie ukumbi wa kulia bila waya. Sasa mtu ataingiaje kwa meneja na koti lililong'aa viwiko kama sufuria iliyosuguliwa?

Akapita mbele ya dirisha la fundi cherehani, akasimama. Ndani, juu ya sanamu la mbao, ilikaa suti ya kijivu, imetulia kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Hariri akaitamani mpaka mate yakamjaa. Halafu, kwa kuwa tapeli mzuri hatazami kitu kimoja, akatazama na mengine. Kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo. Waya mweusi ukitoka kwenye kompyuta, ukikatiza ukumbi hadi chumba cha nyuma. Na huko nyuma, katikati ya spika mbili kuukuu za mbao, bibi kizee ameegesha mguu wenye bandeji juu ya kigoda.

Waya hapa, bandeji pale. Hariri akajumlisha, akapiga hodi.

"Karibu," alisema fundi kwa tabu. Alikuwa mama wa makamo, futi shingoni, chaki sikioni, na pini zimemjaa mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni haongei sana, na Hariri aliwapenda watu wasioongea sana.

"Shikamoo, bibi! Huo mguu umeponzwa na waya, sivyo?"

"Marahaba. Wewe ni mganga?"

"Mimi ni fundi wa sauti. Waya ni adui yangu tangu utotoni."

"Basi umechelewa, mwanangu. Adui yako kashanipiga mweleka."

Fundi akatema pini kiganjani, akaeleza. Bibi ni mama mkwe wake. Marehemu baba mkwe alikuwa mpiga tarumbeta, na nyimbo zake zote zimo kwenye kompyuta. Bibi asipomsikia mumewe mchana, halali usiku. Waya ukitolewa, nyumba inanyamaza. Ukiachwa, bibi atajikwaa tena, na daktari ameshasema akianguka mara nyingine, hatatembea.

"Watu wamekushauri nini?"

"Mpwa wangu anataka ninunue spika mpya zinazonasa blutuu zenyewe. Jirani ananiambia waifai."

"Spika mpya sitaki," bibi akadakia. "Hizi zimemzoea mzee."

Hapa tumtendee Hariri haki: uongo mtamu hukandwa kwa unga wa ukweli, na aliyoyasema sasa yalikuwa kweli karibu yote.

"Waifai, mama, ni mpiga mbiu. Anafika kila chumba, lakini anataka mtambo wa intaneti, na huo unakula kila mwezi kama mpangaji asiyelipa. Blutuu ni mmbea. Hatangazi, ananong'ona, tena na mtu wa karibu. Kutoka meza hii hadi kwa bibi, mmbea anatosha. Tatizo ni kwamba spika hizi hazina sikio la kumsikia. Basi tunazivalisha sikio!"

Akatoa mfukoni kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye taa ya buluu. Akang'oa waya, akakichomeka nyuma ya spika, akabonyezabonyeza kwenye kompyuta. Tarumbeta ikalia chumba cha nyuma, na waya ukabaki umelala sakafuni bila kazi.

Bibi akafumba macho. "Huyo! Msikie anavyovuta pumzi. Siku zote alivuta kama mtu anayetaka kupiga mbizi."

Moyo wa Hariri ukalainika kidogo. Lakini ulikuwa moyo wenye afya njema, ukapona papo hapo.

"Bei gani?" fundi akauliza.

"Pesa kwa bibi yangu? Pesa huharibu undugu. Nipe ile suti, tumalizane."

Fundi akaitazama suti. "Unaweza kuichukua. Aliyeiagiza aliikimbia harusi yake mwenyewe, hata kuijaribu hakuja. Lakini..."

"Mama! Biashara haina lakini."

"Nataka tu kukwambia kwamba..."

"Ukizidi kusema, na mimi nitaongeza bei."

Fundi akarudisha pini mdomoni.

Sasa ijulikane kwamba kidude kizima Hariri alikuwa nacho kimoja tu, na alikilinda kuliko meno yake. Hicho ndicho cha kuonyeshea. Vile vya kuwaachia watu alivitengeneza mwenyewe: ganda lile lile, taa ile ile, na mchanga ndani ili uzito ulingane. Ilikuwa kazi safi. Wakati mwingine alisikitika kwamba hakuna mtu wa kumsifia.

Fundi akaja na futi. Katika nyumba ile kila chombo kilikuwa na kitambaa chake cha kufunikia: kompyuta, spika, hata pasi. "Kitu bila kitambaa ni kama kiko uchi," alisema kwa pembe ya mdomo. Akakichomoa kidude, akakipima urefu, akakipima upana, akakigeuza akakipima tumbo, chaki mkononi. Akakirudisha mahali pake, tarumbeta ikaendelea, naye akaenda kukata kitambaa.

Hariri akainama nyuma ya spika, "kukaza kidogo." Alipoinuka, kidude kizima kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake na cha mchanga kilikuwa kwenye spika, kikikonyeza buluu yake bila haya. Tarumbeta ikakatika.

"Mbona kanyamaza?"

"Anapumzika, bibi. Kidude kigeni lazima kilale kwanza, kiizoee nyumba. Kesho asubuhi kitaimba."

"Mzee naye alisema anapumzika kidogo," bibi akajibu. "Mpaka leo hajaamka."

Fundi akaja na kitambaa. Akakiinua kidude, akakitazama chini, akakirudisha. Akakifunika vizuri na kunyoosha pembe.

"Haya," alisema. "Vaa suti, tukuone."

Hariri akavaa nyuma ya pazia, akatoka, akakutana na kioo. Ndani ya kioo alisimama mkurugenzi. Na fundi, aliyekuwa bahili wa maneno asubuhi nzima, akatoa pini zote mdomoni.

"Ee! Mabega hayo yalikuwa wapi siku zote? Lete hilo koti kuukuu nikukunjie, linakuharibia sura."

Siku nyingine yoyote Hariri asingelitoa. Lakini siku nyingine yoyote hakuwa mkurugenzi. Akalitoa bila kugeuza shingo.

"Geuka, mwanangu, nikuone mgongo," bibi akaita. Akageuka. "Geuka tena taratibu." Akageuka tena. Kinyozi hajinyoi, na aliyewalisha wengine sifa maisha yake yote hakujua jinsi zinavyolevya.

Akakabidhiwa mfuko, na nguo zake kuukuu zimekunjwa kama za dukani. Mlangoni akalipapasa koti kuukuu mle ndani. Kidude kipo, uzito ule ule. Akaondoka akipiga mluzi.

Hotelini, meneja alimpokea kwa heshima ambayo suti ile ilistahili. Hariri akasema habari ya mpiga mbiu, akasema habari ya mmbea, wahudumu wakacheka, meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakichomeka kidude kwenye spika za ukumbi, akaenda kwenye kompyuta kukitafuta.

Hakikuonekana. Akatafuta tena. Kimya.

"Kinapumzika," alisema. Akainama nyuma ya spika. Hapo sauti ikasikika, ndefu na safi, kutoka nyuma yake: trrrrr.

"Sauti nimeisikia," alisema meneja. "Ila si ya muziki."

Hariri akapeleka mkono nyuma kujistiri, na mkono wa koti ukabaki umening'inia kwa uzi mmoja. Kwa ukucha akabandua kifuniko cha kidude. Mchanga ukamwagika juu ya zulia. Mchanga wake mwenyewe, aliouchekecha mwenyewe.

Alirudi kwa vichochoro, mfuko umeziba makalio, mkono wa koti ameukumbatia. Kabla hajafika kwa fundi akaisikia tarumbeta.

"Mama, umeniibia!" alifoka dirishani.

Fundi akakiinua kitambaa, akakigeuza kidude. Chini palikuwa na msalaba mweupe wa chaki. "Fundi akipima, hutia chaki. Ni mazoea tu. Hata mume wangu siku ya kwanza alitoka humu na alama begani. Nilichopima kilikuwa na alama. Ulichoniachia hakina. Nikakitafuta changu, nikakikuta koti lako limekibeba. Nikakichukua, chako nikakirudisha mfukoni."

"Na suti je? Suti inafumuka!"

"Suti imepigwa bandi tu. Nyuzi za kushikizia, mpaka mwenyewe aje ajaribu, ndipo nipitishe cherehani. Nilitaka kukwambia. Ukasema biashara haina lakini."

Hariri akaushika mkono wa koti usianguke.

Upepo ukapita nyuma yake, akaukumbuka mwili wake. "Nishone basi, mama yangu. Nitapitaje mjini hivi?"

"Nitakushona," fundi akasema. "Lakini..."

Akamtazama.

"Lakini nini, mama?" Hariri akauliza kwa adabu.

"Lakini ule waya bado umelala ukumbini. Ukunje kwanza."

Akaingia. Akapiga magoti, akaanza kuukunja waya taratibu kuelekea chumba cha nyuma, na alipoinama kuuchomoa chini ya mguu wa kigoda, bandi zilizobaki nazo zikakata tamaa: trrrrr!

"Polepole, fundi wa sauti," alisema bibi, macho ameyafumba. "Mzee hapendi kuingiliwa anapopiga."