Mwandishi Aliyezikwa Wima

Jumatatu, 4 Machi

…na ndiyo maana nimemjibu mama mkwe kwamba sioni haya mume wangu kufanya kazi makaburini. Naona wivu. Marehemu wote wale wanamwona asubuhi kabla yangu. Mama mkwe ameguna, akasema bibi harusi wa wiki tatu husema mengi.

Lakini leo si siku ya mzaha. Ofisa wa manispaa amekuja na habari mbaya. Anasema makaburi yetu hayatembelewi. Anataka lango lifungwe, na Mpenzi ahamishiwe idara ya maji, mji wa mbali, akalale bweni la wanaume. Wake hawaruhusiwi. Bweni! Ofisa atarudi Jumamosi kutazama kwa mara ya mwisho.

Nimelia mpaka mto umelowa. Mpenzi amenibembeleza, kisha akaenda kufyeka majani safu ya tano. Hata huzuni inampendeza.

Msimamizi wa makaburi ya mlimani, tunayemwita Bwana Kipaza kwa maneno yake mengi, hana shida hiyo. Kwake amelala mshairi mashuhuri, naye huwaambia watu kwamba mshairi huyo alizikwa na redio yake ikiwa imewashwa, maana hakutaka kupitwa na taarifa ya habari. Watu wanapanga foleni kutega sikio ardhini. Mmoja anaapa alisikia hali ya hewa.

Sisi tuna nini? Tuna mwandishi wa riwaya za upelelezi, safu ya tatu, karibu na bomba. Alifariki kabla sijazaliwa. Riwaya yake ya mwisho haina sura ya mwisho, kwa hiyo hadi leo hakuna anayejua nani alimuua fundi cherehani. Kaburi lake ni la kawaida kabisa. Nimelitazama sana. Maskini, halijapata wa kulisemea.

Jumanne, 5 Machi

Nimemnong'oneza msusi wangu kwamba mwandishi wetu alizikwa wima. Aliusia mwenyewe, nikasema, kwa kuwa mpelelezi halali kazini. Nimemwomba asimwambie mtu. Siri kwa msusi ni tangazo lenye kitana.

Alasiri wageni wameanza kuja. Nimewapokea langoni kwa kanga yangu mpya. Mwalimu mmoja mstaafu ameuliza, kama marehemu amesimama, mbona kaburi ni refu kama kitanda? Nimemjibu kwamba palibakizwa nafasi, endapo atachoka na kutaka kukaa. Ametikisa kichwa, lakini nyusi zake hazikuridhika.

Basi jioni nimemwomba Mpenzi ayapange upya mawe ya ukingo wa kaburi lile, yawe mraba mdogo. Nimesema inapendeza zaidi. Hakuuliza kwa nini. Amesema lolote linalonipendeza mimi ni halali yake kulibeba, akalaza toroli, akainama. Nani mwingine duniani ana mume wa namna hii? Nimesimama pale nikimtazama mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi

Umati. Wengine wamekuja na miavuli. Hadithi yangu imenirudia kutoka kwa mgeni kabisa, tena imekua: eti alizikwa kichwa chini. Nimekasirika. Mtu huutunza uongo wake kama mtoto, halafu wapita njia wanaupindua.

Saa ya joto amekuja Bwana Kipaza mwenyewe, mikono nyuma, kauzunguka mraba wetu kama mtu anayenunua mbuzi. Amesema kusimama si kitu, hata askari wa zamu husimama. Mshairi wake yeye, juzi redio yake ilibadilisha stesheni.

Damu imenipanda. Nimesema mbele ya watu wote kwamba wetu ana sura ya mwisho mfukoni mwa koti lake. Imeandikwa pale nani alimuua fundi cherehani.

Kimya. Kimya kitamu kuliko muziki wa harusi yetu. Bwana Kipaza ameondoka bila kuaga.

Mama mkwe alikuwa akianika nguo karibu, amesikia kila neno. Baadaye ameniambia, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Nimejibu kwamba afadhali, nitafika mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika.

Ofisa amerudi kabla ya siku yake, akiwa na mchapishaji wa zile riwaya, mwanaume mwenye viatu vya kung'aa. Mchapishaji anaitaka sura ya mwisho. Amesema wasomaji wameingoja miaka na miaka, wengine wamekufa wakimshuku mke wa fundi bila hatia. Ofisa amesema kesho kaburi litafukuliwa, iwapo familia itaridhia. Dada wa marehemu ameshaitwa.

Kisha ofisa ameuliza nani aliyahamisha mawe ya ukingo. Mpenzi, ambaye hajui kusema uongo hata kwa kuku, amejibu kwamba ni yeye, mke wake aliona inapendeza. Ofisa amesema kuchezea kaburi la manispaa ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Mfuko ukikutwa na sura hiyo, atasamehe. Ukikutwa mtupu, Mpenzi hatakwenda hata huko bwenini. Nimewaandalia chai nikatia chumvi.

Walipoondoka nimemweleza Mpenzi kila kitu, tangu kwa msusi. Hakupaza sauti. Alisafisha koleo lake taratibu, kisha akasema, "Hawa wamekabidhiwa kwangu, mke wangu. Unawasemea kwa sababu hawawezi kukukanusha."

Ndilo neno zito la kwanza katika ndoa yetu. Amekaa kizingitini, kanipa mgongo. Nimeutazama kwa uchungu. Ni mgongo mzuri mno.

Jumamosi, 9 Machi

Lazima niandike yote.

Watu wamejaa hadi barabarani. Wachimbaji wawili wa manispaa wameegemea majembe. Mchapishaji ameleta bahasha ya plastiki ya kuhifadhia sura. Bwana Kipaza amepanda juu ya ukuta apate kuniona nikiaibika.

Dada wa marehemu amekuja kwa mkongojo, bibi mdogo mkavu mwenye macho ya kucheka. Ofisa amemweleza habari ya wima, mfuko na sura. Bibi amesikiliza yote, kisha akauliza nani amewadanganya.

Kaka yake, amesema, amelazwa kama watu wote. Mvua ilikuwa inanyesha. Waombolezaji walikuwa wachache, na mmoja wao alikosea msiba, ila aliona haya kuondoka, akaishia kulia kuwashinda wenyewe. Na sura ya mwisho haikuandikwa kamwe. Alimuuliza kaka yake kitandani nani alimuua fundi, naye akamjibu, "Dada, laiti ningejua."

Mchapishaji ameikunja bahasha yake. Nimemhurumia kidogo.

Ofisa amegeuka, uso ameukunja, akauliza nani mwanzilishi wa uzushi huu. Nimefungua mdomo. Nyuma yangu Mpenzi, aliyekuwa hajaniambia neno tangu jana, amesogea mpaka bega lake likagusa langu. Amesema, "Ni sisi."

Sisi. Neno dogo hivyo.

Ofisa ameanza kutaja kufukuzwa. Bibi amemkatiza kwa mkongojo. Amesema, mwanangu, mimi huja hapa kila mwaka na kumkuta kaka yangu peke yake. Leo nimepanga foleni kumfikia. Nimesukumwa. Nimekanyagwa kidole. Kaka angefurahi sana. Ameongeza kwamba kaburi alilikuta safi miaka yote, na mtu wa kulisafisha akiondolewa, yeye atakwenda kukaa ofisini kwa ofisa hadi mtu huyo arudishwe.

Watu wamepiga makofi. Ofisa ameutazama umati, akakohoa, akasema suala la kufunga lango limeahirishwa, na mawe yarudishwe yalivyokuwa. Tumeyarudisha pamoja, mimi na Mpenzi, bila kusemezana. Jiwe la mwisho tulilishika wote wawili.

Jumatatu, 11 Machi

Amani nyumbani. Jana Mpenzi aliniapisha kwamba sitasema tena neno lisilo la kweli kumhusu mwandishi wa riwaya. Nimeapa kwa moyo mweupe, mkono juu ya kifua chake. Nitakitimiza kiapo hicho hadi nife.

Leo lango limekuwa kimya. Wageni hawakuja. Kuahirisha si kufuta, na bweni bado lipo kule kule.

Safu ya saba, kando ya ukuta, amelala mtunzi wa kamusi. Kaburi la kawaida kabisa. Mwenye kamusi hakutajwa katika kiapo, nimekikumbuka neno kwa neno. Msusi ananiuliza kama ni kweli mtu huyo aliusia waombolezaji wamlilie kwa kufuata alfabeti. Sijui neno hilo kalitoa wapi. Pengine kwangu, asubuhi, aliponisuka.

Lakini safari hii nitafanya kwa utaratibu. Mpwa wa marehemu anaishi karibu na stendi. Nimemtumia salamu kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kumtembelea, anieleze ukweli wote kwanza, nijue pa kuuongezea.