Maziwa ya Mwili kutoka Kalemie

Jumatatu, 1 Septemba
Nimempoteza mke wangu Leonia, Jumapili tarehe 24 Agosti, saa mbili asubuhi. Siku hiyo tulitakiwa twende kwao Kasulu kumaliza msiba wa mama yake. Mimi nilikuwa Kalemie, Kongo, napakia losheni. Nikamwambia kwa simu kwamba marehemu hana haraka. Mdomo huu! Sasa yuko kwa dada yake Regina, Katonga. Nimepiga mara 63. Hapokei.

Leo mzigo umezuiliwa bandarini Kibirizi. Katoni 36, kila moja chupa 24. Jumla 864. Mkaguzi anasema lebo ni Kifaransa kitupu. Anataka Kiswahili au Kiingereza: jina la bidhaa, nchi ilikotoka, tarehe ya kuisha, mwagizaji na simu yake. Mimi nilianza na ndoo moja ya dagaa, sikushikwa mkono na mtu. Leo nifundishe chupa Kiswahili!

Jumanne, 2 Septemba
Bonaventura, jirani yangu sokoni, wazazi wake wa Kongo, alijitolea kunitafsiria. Nikakataa. Naye anauza losheni, ataniharibia makusudi. Nimetafsiri mwenyewe. Chupa imeandikwa Lait pour le Corps: lait ni maziwa, corps ni mwili. Maziwa ya Mwili. Dakika mbili tu!

Nilipofika kwenye simu ya mwagizaji, wazo likanijia. Nimeandika namba ya Leonia. Wateja watampigia, atachoka, itabidi anipigie mimi.

Alhamisi, 4 Septemba
Mkaguzi aliuliza ni maziwa ya nini. Nikamjibu ndivyo Wafaransa wanavyosema. Akahesabu vipengele, vyote vipo. Mzigo umetoka!

Jumamosi, 6 Septemba
Katoni tano zimekwisha, Ujiji peke yake. Wanunuzi karibu wote wamebeba vichanga. Sikuuliza. Mteja ni mteja.

Jioni nimenunua samaki, migebuka miwili, kwa mazoea. Mmoja nimeula. Wa pili nimeutazama mpaka ukapoa. Leonia hupenda kichwa.

Jumapili, 7 Septemba
Kapiga! Sekunde 74.

Kasema tangu jana kapigiwa na watu 41, na 29 ni wanaonyonyesha, wanauliza wanywe vijiko vingapi ili maziwa yajae. Kawaambia wote wapake, wasinywe. Akauliza kama namtafutia jela. Kisha akasema msiba wa mama umesogezwa hadi Jumatano, na mwenye masikio kasikia.

Sauti yake imekauka kidogo. Sijui anakunywa chai ya tangawizi? Nilisahau kuuliza. Nilisahau hata kuomba msamaha. Nilikuwa namsikiliza anavyovuta pumzi.

Jumatatu, 8 Septemba
Mkaguzi kasikia, kaja na gari. Niondoe lebo zote, nizunguke Ujiji niwatangazie walionunua kwamba hainywewi, nibandike mpya. Akasisitiza jina la mwagizaji liwe la kweli. Bonaventura kaniuliza mbele ya soko zima: “Kaka Nikodemu, ng'ombe wako wa Kalemie hajambo?” Wamecheka mpaka wapagazi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimetangaza kwa kipaza sauti, chupa 120 zilizouzwa, hakuna aliyeumwa. Nimebandua 744. Vidole havina kucha.

Bonaventura anasema niandike losheni, basi. Wivu huo. Nimeandika Utomvu wa Ngozi. Na namba ya simu nimeiacha ileile, maana imefanya kazi.

Kasulu kesho sitafika. Mashine ya kuchapa lebo nimeipata kesho tu, saa nne asubuhi. Leonia ataelewa akiona lebo yenyewe. Nimemtumia ujumbe huu:

“Mke wangu, nyumba imekuwa kubwa mno. Mkaguzi anataka jina la kweli la mwagizaji. Nimeandika Nikodemu na Mkewe. Chupa 744. Je, ni kweli au si kweli? Usinizungushe, usimpe Regina simu. Neno moja, kesho, kabla ya saa tatu asubuhi.”