Diski Moja ya Mkurugenzi Mkuu

Idara ya Malalamiko ya Umma ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba malalamiko yamekwisha. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amerekodi hotuba ya kuyajibu yote kwa mpigo, nayo ingechomwa kwenye diski na kusikilizwa katika kumbi zote za kusubiri. Tangazo liliitwa "Zoezi la Kuchomwa kwa Sauti ya Mkurugenzi Mkuu."

Mlinzi wa getini alilisoma, akauliza, "Sauti peke yake?"

Kazi hiyo nyeti alikabidhiwa Afisa Uhusiano, ambaye dada yake aliolewa na Mkurugenzi. Hakuwahi kuchoma diski maishani mwake, na hiyo ilihesabiwa kuwa sifa: hakuwa na mazoea mabaya. Alifungua programu ya kuchomea, akaingiza hotuba, na papo hapo mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini. Alikwenda kubisha hodi kwa mkubwa.

"Mheshimiwa, hotuba imeizidi diski. Tupunguze shukrani kidogo?"

"Umpunguze nani? Mke wa Waziri?"

"Basi tukate kile kikohozi ulichokohoa katikati."

"Kikohozi kile kina uzito wake."

"Au tutumie diski mbili, mheshimiwa."

Mkurugenzi alivua miwani. "Kiongozi mmoja, sauti moja, diski moja. Unataka wananchi wadhani tuko wawili?"

Afisa alirudi kwenye kompyuta, nayo ikamuuliza: ziada itakatwa, uendelee au ughairi? Tangu aajiriwe hakuwahi kughairi kitu kilichotoka juu. Akabonyeza Endelea. Mashine ilinguruma, diski ikatoka ikiwa na joto kama chapati, naye akachoma nyingine na nyingine hadi sanduku likajaa. Hakusikiliza hata moja. Kumsikia mkubwa kabla ya wananchi kungekuwa utovu wa nidhamu.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa amefundishwa kwenye semina kwamba msemaji hodari hujivika kwanza maneno ya wanaomshutumu, ndipo ayajibu. Kwa hiyo, baada ya shukrani ndefu, alisema kwa sauti ya majonzi: "Mimi nalala ofisini. Gari la idara linabeba mbolea ya shamba langu. Nimempa shemeji yangu kazi asiyoiweza." Hapo akanywa maji. Kisha yakafuata majibu, kila moja likianza na "Uongo mtupu!"

Diski iliishia kwenye maji.

Jumatatu, diski ilichezwa katika ukumbi wa kusubiri. Bibi mmoja kwenye benchi alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Jamani, mtu mzima kutubu hivi si mchezo."

"Umesikia alivyomeza mate?" akasema fundi baiskeli. "Imemtoka moyoni."

Watu walipiga makofi. Afisa, aliyekuwa amesimama mlangoni ili apongezwe, aliikimbilia mashine ya kuchezea diski. Alinyoosha mkono achomoe waya.

"Wewe, usiguse!" fundi akamkemea. "Turudishie pale pa mbolea."

Kabla ya adhuhuri Katibu Mkuu wa wizara alifika mwenyewe. Alikuwa ameisikiliza diski garini. Alimwita Mkurugenzi ukumbini, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu, katika utumishi wangu sijaona uwazi wa namna hii. Ombi lako la kupumzika limekubaliwa."

"Lakini sikuomba!"

"Na unyenyekevu juu yake!"

"Mheshimiwa, kuna majibu! Yamekatwa!" Mkurugenzi alizunguka huku na huku kama kuku aliyepotewa na vifaranga. "Shemeji! Shemeji, leta majibu!"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Afisa.

"Kumbe ndiye huyu," akasema bibi, akimpima kuanzia tai mpaka viatu.

"Yapo kwenye kompyuta," Afisa alisema kwa sauti ndogo.

"Yabaki huko huko," Katibu Mkuu akajibu. "Mtu akishatubu vizuri, tusimharibie."

Afisa alipelekwa masijala kubandika mihuri, na nyumbani dada yake hakumsemesha hadi ilipopikwa chai ya pili. Alijishangaa kuona anakunywa kwa raha: masijala hakukuwa na cha kuendelea wala cha kughairi.

Wizara nayo ilitoa waraka kwamba, kufuatia mafanikio hayo, kila mkuu wa idara atarekodi diski yake, moja tu, isikilizwe na umma.

Kesho yake wakuu wa idara wote waliamka wakiumwa koo.