Waya wa Upande wa Wanawake

Leo nimejimaliza. Nilichomoa waya mmoja, nikaamini nimezima picha yote. Mengine yote yametokana na ujinga huo, kwa hivyo nautanguliza kabisa, msije mkaanza kunihurumia katikati.

Hapa mtaani kwetu Bawshar tuna sabla, ule ukumbi wa harusi, matanga na kila kikao ambacho wazee hawataki kifanyike nyumbani kwao. Siku hizi kuna darsa za simu na kompyuta, aje anayetaka. Wiki iliyopita alikuja mhandisi, akasomesha kwa Kiarabu cha vitabuni. Wazee wakalala. Mmoja akakoroma mpaka mhandisi akadhani anaulizwa swali, akajibu.

Ami Nasor, mdogo wake baba na msimamizi wa sabla, akasema safari hii anataka mtu wa kusema Kiswahili cha nyumbani. Nikanyoosha mkono. Msinidhanie kheri. Ijumaa binamu zangu wanakwenda Qantab kupiga kambi pwani, na Mama alikwisha nikatalia. Nikamwendea jikoni.

"Mama, nikitoa darsa sabla, utaniruhusu Qantab?"

"Simama mbele ya watu useme la maana, kisha tutazungumza. Na huko kambini pawe na mtu mzima."

"Ami Nasor anakwenda."

(Ami Nasor hana khabari. Goti lake halimruhusu kukaa hata kwenye zulia, sembuse mchangani.)

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipozikwa. Sabla yetu ina kumbi mbili. Wanaume huku, wanawake kule, ukuta katikati, kila upande na mlango wake. Ili wanawake wasikose darsa, kwenye kompyuta zinatoka nyaya mbili. Mmoja unakwenda kwenye projekta yetu. Wa pili unapita chini ya zulia mpaka kwenye tivii yao. Na wao wana maikrofoni yao ya kuulizia maswali, sisi tunawasikia kwenye spika. Mie upande ule sijaingia tangu siku za kubebwa. Tivii yao sijawahi kuiona. Kitu usichokiona, kichwani hakipo.

Basi leo baada ya laasiri nikasimama, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Nikaiunganisha simu yangu na kompyuta ili kila ninachogusa kionekane ukutani. Nikaanza na meseji za matapeli.

"Ukiambiwa umeshinda gari, na wewe hukushindana na mtu, gari hilo halipo."

Mzee Khalfan akanyanyua bakora. "Kuna binti ananiandikia kila asubuhi. Anasema kanikumbuka. Na huyo tapeli?"

"Umewahi kuonana naye, babu?"

"Sijapata."

"Sasa kakukumbuka vipi?"

Akafikiri. "Ndiyo maana nikauliza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Spika ikakwaruza. Ni Khalati Zuwena, mdogo wake Mama, kutoka upande wa wanawake. "Saidi, mie neno langu la siri nimelibandika kwenye mlango wa friji nisilisahau. Kuna ubaya?"

"Jikoni kwako anaingia nani, Khalati?"

"Mtaa mzima."

Nikasubiri watu wacheke wamalize, kisha nikatoa hekima yangu. "Kabla hamjaandika chochote, jiulizeni kwanza: nani anaona?" Mzee mmoja akasema mashallah. Nikajiona wizara nzima.

Ikaja kahawa na halwa, mapumziko. Nikazima maikrofoni yangu. Nikachomoa waya wa projekta, ukuta ukabaki mweupe. Nikajikunja pembeni na finjani yangu, nikamwandikia Hemed, mtoto wa Khalati Zuwena, aliyebaki kwao kwa mafua (mafua yake huwa yanajua ratiba za darsa).

"Vipi, profesa?" akaandika.

"Wananimeza kama halwa. Nusu ya maneno ninayosema hata mie sijui maana yake."

"Na Qantab?"

"Imeshaiva. Nimemwambia Mama kuwa Ami Nasor anakwenda."

"Ami Nasor anakwenda?"

"Na goti lile? Nimekodi jina tu. Mama yangu ukimtajia mtu mzima, haulizi tena."

Upande wa pili wa ukuta nikasikia wanawake wanacheka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, na wao wamepata mapumziko mazuri.

"Chakula je?" akauliza Hemed.

"Mama kaweka mishkaki kwenye friza kwa ajili ya wageni wake. Nitachukua nusu, nijaze barafu chini. Wewe lete chochote ila maandazi ya mama yako."

"Yana nini?"

"Yakhe, yale ni ya kujengea."

"Mie nimekuzwa nayo. Unadhani meno haya nimeyapata wapi?"

Kicheko kule kikapanda mpaka Mzee Khalfan akageuka kuutazama ukuta. Na mie, kwa akili zangu timamu, nikaandika: "Leo wanawake wanacheka sana. Wangejua ninayoyaandika."

Hapo kule ndani mtu aliangusha sinia.

Nikaanza kuandika sentensi nyingine juu ya Mama. Nikaifuta. Nikaiandika upya kwa adabu kidogo. Nikaifuta tena. Spika ikakwaruza, wanaume wote wakageuka na finjani mkononi.

"Saidi, baba," akasema Khalati Zuwena, taratibu kabisa. "Ile uliyoifuta ilikuwa nzuri zaidi. Irudishe. Halafu uandike polepole, Bibi Ghaniya hajavaa miwani."

Nikaitazama simu. Nikaitazama kompyuta. Nikautazama waya wa pili, umejilaza chini ya zulia kama nyoka aliyeshiba.

Sauti ya Bibi Ghaniya ikafuatia, naye ana miaka yake na haoni sababu ya kunong'ona. "Si ndiye huyu aliyetwambia tujiulize nani anaona?"

"Ndiye, Bibi," akajibu Khalati Zuwena.

"Na goti la nani?"

"La Nasor. Jina lake ndilo lililokodiwa kwenda Qantab."

Ami Nasor alikuwa ameketi karibu yangu kabisa, kwenye kiti, peke yake kwenye kiti. Akateremsha finjani. Akalitazama goti lake. Akanitazama mie. "Umelikodi kwa ngapi?" akauliza. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mzee Khalfan alicheka mpaka akamsahau yule binti wa asubuhi.

Simu yangu ikalia mkononi. Ni Hemed, maskini, hajui kitu: "Mbona umenyamaza? Mama yako kakushika?"

Kule nyuma ya ukuta wakamsomea Bibi Ghaniya kwa sauti. Khalati Zuwena akaongeza, maikrofoni bado iko mdomoni: "Mwambie mwanangu, mafua yake nakuja nyumbani kuyatibu."

Kitu kimoja tu sikukisikia, nacho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa masikio yote mawili: sauti ya Mama, naye alikuwamo kule kule na wenzake. Hakucheka. Hakukohoa. Nikajua Qantab imekwenda na maji.

Nikataka kutoroka, Ami Nasor akanishika mkono wa kanzu. "Darsa halijesha." Nikarudi mbele, masikio yanawaka. Mada iliyobaki ilikuwa namna ya kufuta meseji. Nimeifundisha mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyelala. Wanawake wameuliza maswali mengi, yote kuhusu meseji iliyokwisha kusomwa, kama inafutika.

Kisha tukaingia garini, Mama kwenye usukani. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiarabu. Tukapita taa za kwanza, tukapita za pili. Nikamwambia basi, Mama, Qantab siendi, nimekubali. Akawasha indiketa, akakata kona, na haya ndiyo aliyosema, neno kwa neno:

"Utakwenda. Ami yako ashatafuta basi, na sote tuliozisoma meseji zako tunakwenda. Wewe utakaa katikati ya Bibi Ghaniya na Khalati yako, simu atakushikia Bibi."