Chupa ya Kisima cha Juu

Jumatatu, 3 Machi
Masharti mapya kutoka maabara. Mpaka mvua ziishe, kila kisima cha maji ya umma kipimwe kila wiki. Chupa iliyochemshwa. Bomba litiririke dakika tano kwanza. Maji yakae kwenye barafu na yafike siku hiyo hiyo. Visima viwili, msimamizi mmoja: mimi. Kisima cha Chini kiko mlangoni pa ofisi. Kisima cha Juu kiko kilimani, mwendo wa saa nzima, na goti langu halipendi vilima. Nimejaza chupa zote mbili hapa hapa. Moja nikaandika Chini, nyingine Juu. Maji ni maji. Saa nne nilikuwa ofisini nakunywa chai. Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu yametoka. Chini: safi. Juu: vijidudu vya kinyesi. Bomba moja, mkono mmoja! Mpimaji, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, aliuliza kama kisima cha kilimani kina harufu. Nikasema kidogo, kama mtu aliyefika. Anataka chupa nyingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua maji ya dukani, yenye kifuniko kisichofunguliwa, nikayamimina kwenye chupa ya Juu. Mwenye duka aliuliza tangu lini msimamizi wa maji ananunua maji. Nikasema nina mgeni. Sasa tuone.

Jumatatu, 10 Machi
Juu: chafu kuliko mwanzo. Mpimaji aliinua chupa dirishani. Ndani yake, kwenye kitako, palikuwa na mchanga mwekundu. Udongo mwekundu uko kilimani tu.
“Nani alichota, bwana msimamizi?”
“Mimi.”
“Wewe mwenyewe?”
“Kwa mkono wangu huu.”
Akautazama mkono ule. Nami nikautazama. Kucha zote tano zilikuwa na udongo mwekundu.
Nimenawa mara nne. Hautoki.

Jumanne, 11 Machi
Dada yangu anayekaa kilimani amepiga simu. Wanawe wawili wanaharisha tangu wiki iliyopita, na mdogo hawezi kusimama. Nikamwambia achemshe maji, tunafuatilia.
“Najua mnafuatilia, kaka. Si nilikuona Jumatatu ile, saa nne, umeinama kisimani? Nikakuita, hukugeuka.”
Nikasema labda alimfananisha mtu.
Akasema hawezi kumfananisha ndugu yake. Shati langu la bluu, kiraka begani. Ila nilikuwa nimelowa chapachapa, na siku hiyo kilimani hakukuwa na mvua.
Nililitazama shati ukutani. Lilikuwa linadondosha maji.
Nilitaka kupanda leo hii. Damu nzito kuliko maji. Lakini goti ni goti.

Alhamisi, 13 Machi
Mpimaji alipanda mwenyewe jana. Kisima kimefungwa. Zege la juu lina ufa, na maji ya choo cha jirani yanaingilia hapo. Watoto wa dada wamelazwa. Daktari amesema wangechelewa siku moja zaidi, wangezikwa. Nilikaa kwenye benchi la zahanati nimeinamisha kichwa. Mdogo alipofumbua macho akanitambua, nililia kama mtoto.
Mpimaji akaja kunishukuru. Alisema peke yake asingeuona ule ufa; umejificha chini ya majani. Alinikuta nimepiga magoti hapo, nimeuwekea kidole, nikimsubiri.
Jana kutwa nilikuwa kitandani. Nikamwambia asante, ni wajibu wangu.

Jumamosi, 15 Machi
Barua ya pongezi imefika, ina muhuri. Wanasema hawajawahi kupata msimamizi mwaminifu kama mimi. Watoto wameanza kula. Nimewaza sana, na nimepata fundisho: yule bwana anayepanda kilimani na sura yangu na shati langu anaipenda kazi hii kuliko mimi, basi mwenye kupenda apewe. Kisima cha Juu kikifunguliwa ni chake. Hata cha Chini namwachia. Nimepanga chupa zote mbili mezani, tupu, na kikaratasi juu yake: Chota mapema. Nitakuja kutia sahihi.